Profesa Alilala Safu ya Mbele

Mimi si mtu wa kusamehe, na sitajifanya. Profesa Octavian Dragotă alitia mchanga kitumbua changu, nami nikakaa na kinyongo miaka minne.

Kazi yangu kubwa ya kwanza hapa Iași, Romania, ilikuwa ya nyaya za piano zilizosuguliwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, na ubao ambao watawa huugonga kuitia sala, ukigongwa taratibu kwa dakika hamsini. Kesho yake Dragotă akaandika gazetini: "Smaranda Vlaicu anatugongea masufuria. Nilisikiliza kila noti kwa uchungu." Mwezi haukuisha, chuo cha muziki nilichofundisha kikanifukuza. Nikaenda mji mdogo wa Pașcani kufundisha akodioni watoto wa wafanyakazi wa reli.

Huko ndiko nilikosikiliza kanda ya onyesho lile. Nilikuwa nimeweka vinasa sauti chini ya viti vya mbele, kwa kuwa nilitaka pumzi za wasikilizaji ziwe sehemu ya rekodi. Chini ya kiti cha Dragotă kulikuwa na mkoromo wa dakika arobaini na moja. Nililia kwa hasira, nikanawa uso, nikaanza kazi.

Niliupunguza kasi mkoromo ule hadi ukawa upepo kwenye bomba la jiko, kisha nikaurudisha kidogo kidogo kwenye mwendo wake wa kweli. Nikaupeleka kwenye mashindano ya utunzi, ambako mtunzi haandiki jina, ila msemo tu juu ya bahasha. Mimi niliandika "Mkuki kwa nguruwe." Mwenyekiti wa majaji alikuwa Dragotă.

"Ataitambua sauti yake, shoga," alisema Ilinca, rafiki yangu mpiga ngoma.

"Nani anaujua mkoromo wake mwenyewe?"

"Sasa utamuumbua vipi?"

"Nikishinda, nitasema mwenyewe jukwaani."

Nilishinda. Dragotă aliandika kwa mkono wake kwamba amesikia "pumzi ya nafsi iliyo macho." Siku ya tuzo aliketi mbele pamoja na mkewe, Veturia, na mkuu wa chuo. Mimi nilisimama kando ya jukwaa, hotuba mfukoni. Kazi ikapigwa. Ilipokaribia mwendo wa kweli, ukumbi ukiwa kimya, Veturia akamgeukia mumewe.

"Octavian, si wewe huyo?"

"Nyamaza, Veturia."

"Ninyamaze nini? Nimelala na hiyo mashine miaka thelathini na sita. Walikurekodi lini?"

Watu wakaanza kucheka. Nikachukua kipaza sauti.

"Kwenye onyesho langu, mama," nikamjibu. "Alianza dakika ya tisa. Kesho yake akaandika kwamba alisikiliza kila noti."

Kicheko kikakatika. Mkuu wa chuo akamtazama Dragotă, naye akajifunika uso kwa karatasi ya ratiba huku mkoromo wake ukiendelea kunguruma ukumbi mzima. Zilibaki dakika sita. Sikuuzima.