Wajane wa Kasekese Hawana Ugomvi

Bwana Hilari aliuliza swali lake kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili wajane wa Kasekese walimtazama kama watu wanaosikiliza mvua ya kijiji cha jirani.

"Nauliza hivi, akina mama," alisema, akipunguza mwendo wa maneno. "Nani kati yenu alinyang'anywa shamba baada ya kufiwa na mume, kisha kikundi hiki kikamsaidia kulirudisha?"

Kuku alipita katikati ya darasa la shule walimokutana. Mtu mmoja alikohoa kwa adabu.

Dina aliwapa wajane ishara kwa macho waseme. Yeye ndiye aliyekuwa mratibu wa kikundi. Alizaliwa Ilembo, akasomea maendeleo ya jamii chuoni, kisha akapanga chumba hapa Kasekese ili awafundishe wajane haki zao. Kazi haikuwa bure. Shamba baada ya shamba lilikuwa limerudi kwa mwenyewe. Fedha za nauli, karatasi na mikutano zilitoka katika mfuko wa ubalozi mmoja wa Ulaya ulioko Dar es Salaam, mfuko uliosaidia vikundi vidogo vya haki za binadamu. Bwana Hilari alikuwa ofisa wa mfuko huo. Alikuwa amekuja kwa treni hadi Mpanda, kisha kwa gari la kukodi, kwa jambo moja tu: kuwasikia walengwa kwa vinywa vyao wenyewe. Akiridhika, ruzuku ya awamu ya pili ingetolewa. Asiporidhika, basi.

Na awamu ya pili haikuwa neno la kwenye karatasi. Maana yake ilikuwa wakili. Emelyne, mjane aliyeketi dawati la nyuma na kitenge chake cha kijani, alikuwa na kesi katika mahakama ya wilaya. Shemeji yake, Gervais, alichukua bonde lake la mpunga hata kabla matanga hayajaanuliwa. Wakili alikuwa Tabora, naye hakuwa mtu wa kusafiri hadi Mpanda kwa huruma. Bila ruzuku, Emelyne angesimama peke yake mbele ya hakimu, naye hakuwahi kusimama hata mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

"Mama Vestina," Dina alisema, akijitahidi kutabasamu. "Hebu mweleze mgeni habari za shamba lako la mihogo."

Vestina aliinuka. "Shamba langu halijambo," alisema. "Mihogo inakua. Tunamshukuru Mungu."

"Na shemeji yako?"

"Naye hajambo. Yule pale dirishani. Jana kaniletea kuni."

Mwanamume aliyesimama nje ya dirisha alipunga mkono. Watu walicheka.

"Sisi hapa hatuna ugomvi na mtu, bwana mgeni," Vestina alimalizia. "Karibu sana. Wali unaiva."

Bwana Hilari alifunga kalamu yake. "Dada Dina, njoo nje kidogo."

Nje, alielekeza kalamu kwenye mlango wa darasa. "Hawa ni walengwa, au umewaalika harusini?"

"Ni walengwa, bwana."

"Wa nini? Mimi nimetembelea vikundi vingi. Vingine havina ofisi. Vingine havina wanachama. Hiki ndicho cha kwanza nilichokuta hakina tatizo."

"Yule mtu wa dirishani alimng'olea Vestina mihogo yote! Alimfukuza na watoto wake!"

"Sasa mbona hasemi?"

"Sijui," Dina alisema, na hakika hakujua. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba waje kumpokea mgeni na kutoa ushuhuda. Wote walikubali kwa furaha. Wote walikuja. Wameoga, wamevaa, wamepika. Je, wametishwa? Aliyetishwa hachekeshi watu. Wamehongwa? Na nani, kwa kitu gani?

Alimkuta Mzee Melkiadi, mwenyekiti wa kikundi na katekista wa zamani, akionja mchuzi jikoni.

"Mzee, mbona mmeniangusha?"

"Tumekuangusha wapi, mwanangu? Watu si wamejaa?"

"Wamejaa na wamenyamaza! Mgeni ameuliza, hakuna aliyejibu."

"Ulitaka wajibu nini?" Mzee alishangaa kwelikweli. "Maneno yale tulishayazika. Wewe si ulikuwepo?"

Hapo akamweleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto sala ya kwanza. Wazazi wao walikuja na desturi hiyo walipovuka kutoka Burundi. Ugomvi ukiisha, wagombanao hunywa pombe ya mtama katika mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, na mashahidi hunywa pamoja nao. Tangu siku hiyo maneno yamezikwa. Atakayeyatamka tena, awe aliyedhulumu au aliyedhulumiwa, ameyafukua, na shauri huanza upya kana kwamba halikuamuliwa.

"Vestina angesema leo, kesho shemeji yake angekuwa na haki ya kurudi shambani," Melkiadi alisema. "Tulidhani mgeni anataka kuona kwamba tunakaa kwa amani. Si ndiyo kazi mliyotuletea?"

Dina alikuwepo kila mara mtungi ulipotolewa. Yeye hanywi, kwa hiyo walimpa soda, naye alidhani ile ni sherehe tu. Katika ripoti zake aliiita viburudisho.

"Kwa hiyo, mzee, nani anaruhusiwa kusema?"

"Ambaye hajanywa."

"Ni nani?"

Melkiadi alikung'uta mwiko. "Emelyne peke yake. Na wewe."

Dina alirudi darasani, mzee akimfuata. Katika wajane wote, aliyeweza kusifia msaada wa kikundi ni yule ambaye kikundi hakijamsaidia. Hata hivyo alimwomba asimame, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Emelyne alisimama. Sauti ilianza ndogo, kisha ikapata nguvu. "Shemeji yangu Gervais alinichukulia bonde la mpunga. Mume wangu alilifyeka mwenyewe, nikimbebea maji. Kikundi kimenipeleka mahakamani. Bado sijapata kitu."

Bwana Hilari aliandika kwa furaha ya mtu aliyepata maji jangwani. "Kwa hiyo kikundi kimeshindwa?"

"Bado kinajaribu."

Kelele zilitoka dirishani. Mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua, japo jua lilikuwa kali, alikuwa akisukuma wenzake apate nafasi. Alikuwa Gervais.

"Bwana, unaniandika mimi?"

"Naandika anachosema mama."

"Na hicho kitabu kinakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Kisha Ulaya, kwa wafadhili."

"Hongera, Gervais!" mtu alipiga kelele. "Umefika Ulaya bila pasi!"

"Huko wakimsoma watadhani ni nzige," akadakia mwingine, na kicheko kikatanda hadi jikoni.

Gervais hakucheka. Alizunguka, akaingia darasani na kumnong'oneza Melkiadi kwa muda mrefu. Kisha Melkiadi aliwageukia watu. Gervais anarudisha bonde, alisema. Migomba ya kule juu ya bonde, aliyoichukua pia, ibaki kwake, na kesi ife.

"Usikubali, Emelyne," Dina alisema upesi. "Migomba pia ni yako. Msubiri wakili."

"Anakuja lini, dada Dina?"

Dina alimtazama Bwana Hilari.

"Inategemea ripoti yangu," alisema Bwana Hilari.

"Na ripoti inategemea nini?" Emelyne aliuliza.

"Inategemea ushuhuda wa waliosaidiwa."

Emelyne aliwageukia waliosaidiwa. Wote walimtazama kwa upendo, midomo imefungwa.

"Basi nyie mtegemeane huko," alisema. "Mimi nategemea mvua, na mvua iko karibu. Shemeji, nakubali. Lete mtungi."

Mtungi haukuwa mbali. Pombe ya mgeni ilikuwa imekwisha kuiva, ikatolewa ile ile. Gervais aliinama upande mmoja, Emelyne upande wa pili. Melkiadi alimpa Bwana Hilari mrija wa heshima, naye, kwa kiu ya safari na joto la darasa, alivuta kwa nguvu. Wanawake walipiga vigelegele.

Bwana Hilari alifuta midomo na kufungua daftari upya. Macho yalimng'aa. "Hii sasa ndiyo habari! Mama, rudia kidogo. Bonde lilichukuliwaje?"

"Bonde gani?" Emelyne aliuliza.

"Bonde lako! Alilokunyang'anya huyu!"

Gervais aliinua uso kutoka mtungini.

"Taratibu, bwana," Melkiadi alimshika kiwiko. "Umekunywa nasi. Hata ukurasa ule ulioandika, tunakuomba usisafiri nao."

Walipokwisha kumweleza desturi ya mtungi, Bwana Hilari aliuchana ukurasa mwenyewe, pengine kwa adabu, pengine kwa pombe. Kisha akamfuata Dina hadi kwenye gari.

"Wewe hukunywa," alisema. "Niandikie wewe. Majina, mashamba, kila kitu. Kabla sijapanda treni. Vinginevyo sina cha kuwaonyesha wakubwa, na ofisi yako itafungwa."

Dina alirudi kwa Melkiadi. "Mzee, nikiandika kwa Kiingereza, yakasomwa mbali, na watu ambao hawajui Kasekese iko wapi, nitakuwa nimeyafukua?"

Mzee alikuna ndevu, akatazama gari, akamtazama Gervais, ambaye naye alikuwa akimtazama Dina bila kupepesa.

"Sijui, mwanangu," alisema mwishowe. "Hilo wazee wetu hawakulikuta."

Emelyne alikuwa tayari ameazima jembe. Alikuwa akicheka kwa meno yote, jambo ambalo Dina hakuwahi kuliona. Bonde lilikuwa lake, mradi mtu asiseme limerudishwa.

Dereva alipiga honi. Dina alikwenda hadi dirisha la gari, bila kujua kama anajenga au anabomoa.

"Bwana Hilari," alisema, "safari njema. Sina cha kuandika."