Mwenyewe wa Daftari za Mashini

Wamama wenzangu wenye watoto wanaofanya kazi mu biro, kwenye ofisi, someni hii.

Vita ilipofika tulikimbilia Lemera. Evariste, mkubwa wa biro ya koperative yetu ya mpunga pale Nyamianda, alibaki. Akafungua mashini, ile kompyuta ambamo mashamba yote ya bonde yameandikwa, akafuta jina la marehemu bwana yangu kwenye shamba letu la Kamanyola, akaweka la shemeji yake; waliobaki ndio walituambia. Binti yangu Noella, mwandishi wa biro, alikuwa na kopi ya daftari zote, ya mbele ya vita, kabla hazijaguswa, mu kidude kidogo cha USB. Nilikifunga mu kitenge changu, nikapanda nacho milima.

Tuliporudi, mashini ilikuwa imeporwa. Koperative ikapata ingine, na Mzee Gratien, prezida wa koperative, akamwomba Noella arudishe kila kitu kutoka kwenye kopi. Noella alinieleza kwamba kila daftari mule ndani iko na mwenyewe, yaani mwenye kuimiliki, na ni mwenyewe tu anayewafungulia wengine. Mu kopi mwenyewe alikuwa Evariste. Gratien alitaka sasa iandikwe koperative, si muntu.

Mimi ndiye niliyekataa. Huku kwetu, tukitoka kukimbia, tunaandika majina kwa rangi juu ya beseni, matela ya kulalia, hata mlango, ili mwizi asiseme ni chake. Nikamwambia Noella afanye vile vile.

“Andika jina yako. Evariste aje akuombe.”

Noella akaandika jina lake. Evariste alikuja. Mashini ikamkatalia. Alikaa kwenye benchi siku tatu akimwita Noella mama, yeye aliyezoea kumtuma sigara. Mimi nilimpelekea chai ili nimuone vizuri.

Siku ya nne waliingia wenye bunduki. Walitaka mashamba kumi na mbili yahamishiwe kwa mkubwa wao, wakauliza nani mwenyewe wa daftari. Evariste akaonyesha kwenye kioo cha mashini.

“Jina iko pale. Ni huyu binti.”

Wakamwambia Noella kwamba watarudi kesho asubuhi, na wasipomkuta watamfuata nyumbani.

Walipotoka, na Evariste nyuma yao, Noella alitaka kuandika koperative, kama Gratien alivyosema. Nilimshika mkono. Nikamwambia airudishe kopi upya, pamoja na mwenyewe wake wa zamani, Evariste.

“Mama, watamukamata yeye.”

“Ndiyo, njo ile nataka.”

Alifanya huku analia, kisha akavuka mpaka kwenda Bujumbura kwa dada yangu.

Asubuhi Evariste alikuta mashini inamfungukia. Alifurahi mpaka akaita majirani waone. Wale wa bunduki wakaingia, wakauliza tena. Akajibu mbele yetu sote, kifua mbele:

“Mimi njo mwenyewe.”

Walimpakia kwenye gari pamoja na mashini, ili kazi akaifanyie kwao. Hajarudi. Mke wake Claire anapita kwangu kila siku ya soko, anauliza kama nimesikia kitu. Namwambia sijui, na ni kweli.

Juu ya Evariste sijuti, siwezi kuwadanganya. Lakini Noella hapokei simu yangu, ni mwezi wa tano sasa tangu avuke. Watoto wenu wakirudisha kopi, waandike jina la biro. Na ninyi musikae karibu yao kuwaambia waandike nani.