Mizunguko Saba kwenye Mikorosho ya Bilali

Bonge la kwanza lilimpata Shaibu mgongoni akiwa katika mzunguko wa tano. Lilikuwa udongo mkavu tu, likapasuka na kumwagikia ndani ya kola ya shati. La pili lilikuwa jiwe. Lilimgonga nyuma ya sikio, na kwa muda mfupi mikorosho yote ya Bilali ikaonekana imelala ubavu.

Aliendelea kutembea. Hilo ndilo waliloliona kwanza, na ndilo walilolisimulia kijiji kizima cha Mbekenyera baadaye: kwamba mtu alipigwa jiwe la kichwa, damu ikamshuka shingoni, na hatua zake hazikukatika.

"Simama hapo, we mzee," mtu alisema kutoka nyuma ya shina.

Shaibu aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia, akapunguza mwendo. Hatua ndefu zikawa za wastani, za wastani zikawa za mtu anayekwenda msikitini akiwa bado na muda. Kusimama ghafla alikuwa amekatazwa. Marietha, yule dada wa mazoezi wa hospitali ya Nachingwea, alimwambia siku ya kwanza huku amemshika bega, "Baba, moyo uukalishe kama unavyomkalisha mgonjwa. Usiutupe chini." Dakika tano za pole pole, thelathini za haraka, tano za pole pole tena. Kila siku isipokuwa Ijumaa, kwa wiki kumi na mbili. Hii ilikuwa wiki ya kumi.

"Anatoroka huyo."

Mpini wa jembe ukatua nyuma ya goti, naye akaanguka juu ya majani makavu.

Walikuwa wanne. Wawili walikuwa wapwa wa Bilali, vijana wenye mikono mizito ya kupasua kuni. Wa tatu alikuwa Edwin wa Nkowe, mashine ya kupulizia salfa, unga wa kuzuia ukungu wa maua, bado iko mgongoni kwake, bomba lake linaning'inia kama mkonga. Wa nne alikuwa Bilali mwenyewe, mwenye shamba. Mpini ulikuwa mkononi mwake.

"Unatafuta nini shambani kwangu, Shaibu?"

"Natembea."

"Unakwenda wapi?"

Shaibu alifikiri. Lilikuwa swali la haki. "Siendi popote."

Mmoja wa wapwa alicheka. Mpini ukashuka begani.

Kwa miaka kumi na tisa mashine ile ya mgongoni kwa Edwin ilikuwa ya Shaibu. Kila Juni mpaka Septemba aliivaa alfajiri, umande ukiwa bado umekaa kwenye maua, akapita mstari kwa mstari katika mashamba ya watu, injini ikinguruma mgongoni na salfa ikipanda kama moshi wa njano mpaka kwenye matawi ya juu. Kazi ile haikutaka maneno. Ilitaka mgongo, na saa sahihi. Mwaka jana, katika shamba hilihili, alihisi mtu amemkanyaga kifuani kwa buti, akapiga magoti, kisha akalala chali na injini inawaka. Walimkuta amekuwa wa njano kuanzia nywele mpaka kucha. Bilali ndiye aliyemfungua mikanda, ndiye aliyempakia kwenye bodaboda na kumshikilia kwa nyuma mpaka Ruangwa, akimwambia njia nzima sikioni, "Mtani, usinifie shambani kwangu. Nitapata wapi mwingine wa kumtukana?"

Mishipa ya moyo imekakamaa, walisema hospitali ya Nachingwea, alikopelekwa kutoka Ruangwa, na mmoja umebana. Mashine asiibebe tena. Mwaka huu wakaongeza: atembee. Shaibu alidhani wanamtania. Marietha akachukua mpira wa dripu, akaubana kwa vidole na kuuachia. Damu ikipita kwa kasi, alisema, inausugua ukuta wa ndani wa mshipa, na ukuta ukisuguliwa kila siku unajifunza upya kulegea na kutanuka.

"Kama bomba la mashine," Shaibu alisema. "Ukiliweka stoo mwaka mzima linakuwa gumu. Ukilitumia linabaki laini."

"Hapo hapo, baba. Na ukiacha, linakuwa gumu tena. Usichukue hata wiki tatu za uvivu."

Akarudi kijijini na aibu mpya. Mwanamume mzima, hana jembe, hana mzigo, hana baiskeli, anatembea mbio mbio na kurusha mikono. Mara ya kwanza barabarani, wanawake wa bombani walimuuliza nani anamkimbiza. Mara ya pili walimuuliza ameiba nini. Asubuhi ya tatu miguu yenyewe ilimpeleka ilikozoea: kwenye mikorosho ya Bilali, ambako ardhi ni tambarare, chini kumefagiwa, na saa ile hakuna mtu. Hakumwomba Bilali. Kuomba kungekuwa kueleza, na mpulizaji anayejulikana moyo wake umekufa nusu haitwi tena na mtu, hata kwa kazi ya kushika ndoo.

Mizunguko saba ya kipande cha juu cha shamba ilitimiza dakika zake. Angekuwa na miguu mirefu kidogo, ingekuwa minane.

"Nimemhesabia siku tatu, mzee Bilali," Edwin alisema. "Nimekaa pale nyuma ya kichuguu. Saba. Kila siku saba, haipungui, haizidi. Halafu mdomo unatembea. Anataja watu. Nuhu, Ausi, mama Fatma, Bilali. Majina ya wenye mashamba wote, mmoja mmoja, mpaka nywele zikanisimama."

Bilali akamtazama aliyelala chini. "Umetutaja?"

"Ndiyo."

Hakujua namna ya kulisema lililobaki kwa haraka. Marietha alimwambia azungumze akiwa anatembea. Akishindwa kutoa maneno manne kwa pumzi moja, basi amezidisha. Mtu anazungumza nini peke yake alfajiri? Alitaja mashamba aliyoyapuliza, kwa mpangilio wa njia, kama alivyoyapita miaka yote. Ilimfariji. Aliyasema maelezo hayo yote sasa, vipande vipande, na kila kipande kilitoka kikiwa kibaya kuliko kilichotangulia.

"Yaani hospitali imekutuma unizunguke mara saba na kuita jina langu," Bilali alisema.

"Imenituma nitembee."

"Maua yangu yamekauka, Shaibu. Upande wote wa juu. Yamekuwa meusi, ukiyagusa yanakuwa vumbi. Shamba la Nuhu pale mpakani halina doa. La kwangu, linalozungukwa na wewe, limekufa." Sauti yake ilikuwa ya chini. Hilo ndilo lililomtisha Shaibu kuliko mpini. "Nilimpa Edwin kazi kwa sababu wewe uliumwa. Sikukunyang'anya."

Shaibu aligeuza kichwa. Usawa wa jicho lake, salfa ilikuwa imelala juu ya majani makavu, njano, nene, kavu. Hapakuwa na haja ya kutazama juu.

"Anapuliza jua likishatoka," alisema. "Umande umeshakauka. Haishiki. Tazama, yote iko chini."

Buti la Edwin lilimpata ubavuni. Kitu kilivunjika humo ndani kwa sauti ndogo, kama kijiti. Teke la pili likatua mahali palepale, na mashine ikapiga mgongo wa kijana mwenyewe alipoyumba. Wapwa wakaingia. Shaibu alijikunja, akaficha kichwa kwa mikono, na mpini ukakuta kidole chake cha pete na kukipinda upande ambao kidole hakiendi. Hakupiga kelele. Pumzi ya kupigia kelele haikuwepo.

"Mfukoni," mmoja alisema. "Angalieni mfukoni."

Wakatoa kichupa cha kahawia, kidogo kama kidole gumba.

"Hiki nini?"

"Vidonge. Naweka chini ya ulimi, kifua kikibana."

"Chini ya ulimi," Edwin alirudia, akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Mmemsikia."

Bilali alikifungua. Vidonge vilikuwa vidogo mno, vyeupe, havifanani na dawa ya kumtibu mtu mzima. Akavimimina chini na kuvisaga kwa kisigino, bila hasira, kama mtu anayezima kijinga cha moto.

Ndipo buti la mwaka jana likarudi kifuani. Lilikuja taratibu, likakanyaga, likaongeza uzito. Mkono wa kushoto ukafa ganzi mpaka tayani. Jasho la baridi likamtoka usoni na kuchanganyika na damu na salfa. Shaibu alifungua mdomo na kuufunga. Alitaka kumwambia Samia, mkewe, kwamba maji ya kuoga hayana haja ya kuchemshwa leo.

Bilali aliujua uso ule. Alikuwa ameushika kwa mikono yake mwaka jana, akiupangusa unga. Mpini ulikuwa umeinuliwa, ukabaki juu, hauendi mbele wala haurudi. Mpwa mmoja, ambaye hakuwepo mwaka jana, alipiga teke lingine.

Samia alikuwa akitwanga aliposikia sauti za wanaume shambani, lakini hakuja akipiga ukelele. Alikuja kimya na mchi wa kutwangia, na wa kwanza kumfikia alikuwa Edwin. Mchi ulimpiga taya. Akaanguka na mashine yake, tanki likapasuka kifuniko, wingu la njano likamfunika. Mpwa mmoja alirudi nyuma akikohoa. Samia akapiga magoti, akafungua fundo la kanga kwa meno, akatoa kidonge kimoja, maana yeye alikuwa hamwamini mumewe kubeba vyote, akakisukuma chini ya ulimi wa Shaibu kwa kidole.

Kisha akamtazama Bilali.

"Shemeji, mmalize basi. Si wewe ndiye uliyemtoa hapa mwaka jana? Mrudishe ulipomkuta."

Bilali alitazama vumbi jeupe la vidonge chini ya kisigino chake. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mpini ukashuka polepole mpaka ukagusa ardhi, akauegemea.

Mbavu mbili na kidole kimoja. Taya la Edwin nalo. Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji watu walijaa mpaka madirishani, na karatasi ya hospitali ikasomwa kwa sauti mara mbili. Ilisema kutembea. Haikusema mara saba, na mtu mmoja akalionyesha hilo. Mtendaji, aliyetaka kila mtu arudi nyumbani bila mwingine kuumizwa, akaamua: Shaibu asikanyage shamba la mtu mpaka korosho zivunwe. Kama ni lazima atembee, atembee barabarani, watu wamwone. Bilali alisema akimkuta ndani tena, asiulizwe. Mtendaji akasema maneno hayo hakuyasikia.

Huko Nachingwea, Marietha alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Alimgusa mbavu, akampa wiki mbili za kupumzika, asizidishe hata siku moja.

"Baba, huna mahali pengine?"

"Barabara."

"Na wao wapo barabarani?"

"Wapo kila mahali, mwanangu. Ndiko kwetu."

Asubuhi ya siku ya kumi na tano Samia alimfungia mkono kifuani kwa kipande cha kitenge. Alikaza fundo kuliko ilivyohitajika.

"Nikufuate?"

"Ukinifuata, watasema tumekuwa wawili."

Barabara ilikuwa tupu, mchanga wake umelowa umande. Alianza pole pole. Kila pumzi ilichomoa kisu ubavuni na kukirudisha. Shamba la Bilali linaanzia kwenye kalavati, linaambatana na barabara kwa mwendo wa nusu saa kwa mtu mgonjwa, robo saa kwa mzima. Bilali alikuwa amesimama pale kwenye kalavati, ndani ya mpaka wake, na panga.

Hawakusalimiana. Shaibu akapita.

Hatua chache mbele akasikia majani makavu yakivunjika. Bilali alikuwa anakuja naye, sambamba, upande wa pili wa mfereji, shina kwa shina, akilinda. Dakika tano za pole pole zikaisha. Shaibu akarefusha hatua. Vishindo vya upande wa pili vikaongezeka. Akarefusha tena. Bilali alikuwa mtu mzito, hajatembea kwa haraka namna hiyo tangu ujana, na kabla ya kufika katikati pumzi yake ilianza kupiga mluzi. Panga lilikuwa linafyeka nyasi zisizohitaji kufyekwa.

"Punguza," Bilali alisema.

Ilikuwa vigumu kujua kama ni amri.

Shaibu alitazama mbele. Maua ya mikorosho ya juu yalikuwa meusi, ya chini yalikuwa yameanza kuonyesha wekundu, na harufu yake ilikuwa nyepesi, tamu, ile ya kila Agosti. Akaenda kwa mwendo uleule mpaka kwenye korongo, shamba linapoishia.

Vishindo vya majani vikakoma. Shaibu akapiga hatua tatu, nne peke yake. Kisha akasikia miguu ikishuka mferejini, ikapanda, ikatua kwenye mchanga wa barabara nyuma yake, hatua kumi hivi, ikifuata mwendo wake, na panga likiendelea kupiga nyasi za kando, kushoto, kulia, kushoto.