Koki Chini ya Kabati la Vyombo

Mtaani kwetu kila mtu alijua kwamba mimi ni hawara wa Babu Zamu. Mkewe aliposimuliwa habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hebu fikiria: kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi, mzee wa watu anapita uani kwangu, anaingia jikoni, mlango unafungwa. Baada ya robo saa anatoka akitweta, jasho linamtiririka, mkono kiunoni. Jirani ayaone hayo kwa miaka kumi na minne, adhani nini? Kwamba tunasali?

Nikawaacha waseme. Heri uhawara wa kusingiziwa kuliko ukweli wenyewe.

Ukweli ulikuwa chini ya kabati la vyombo. Babu Zamu ni mtu wa ofisi ya maji ya kaunti. Kazi yake ni kufungua na kufunga koki kuu, mtaa wa juu upate maji siku zake, Ijumaa hadi Jumanne, na sisi wa chini tupate zetu. Ndiyo asili ya jina lake. Sasa koki ya mtaa wa juu, ile kubwa, ilikuwa ndani ya jiko langu. Dada yangu alipoachika akaja na watoto watano, nyumba ikafura kama unga wenye hamira, nami nikaona niongeze chumba cha kupikia. Wachimba msingi wakagonga mfuniko wa chuma. Babu Zamu akaitwa, siku hizo bado ana nywele. Akautazama mfuniko, akawatazama watoto waliolala barazani wamebanana, akasema, "Jenga, mama. Ila uniachie njia."

Ramani ya ofisi ilisema koki iko ng'ambo, katikati ya barabara. Waliolaza bomba zamani walikutana na mwamba, wakalipindisha, na hakuna aliyejisumbua kurudi kuchora upya. Wachimba msingi walikuwa watu wa kupita, wakaenda zao; siri ikabaki ya watu wawili. Ofisi ingejua, jiko lingebomolewa, maana sheria haitaki ukuta juu ya bomba kuu.

Lakini mzigo wa siri hiyo aliubeba yeye. Angewezaje kumpisha mwenzake kazini, hata kwa wiki moja? Mama yake alizikwa Alhamisi jioni. Ijumaa saa mbili alikuwa jikoni kwangu na udongo wa kaburi viatuni. Harusi ya bintiye aliiacha katikati, watu bado wanakula. Mimi nilimpa chai na pole. Chai na pole, miaka kumi na minne.

Jumanne ile alichukua muda mrefu. Nilisogeza kabati, yeye akainua mfuniko, akapiga magoti, akatumbukiza ule ufunguo wake wa chuma wenye umbo la T. Mizunguko thelathini na mmoja. Kwenye kumi na saba akasimama.

"Magoti?" nikauliza.

"Magoti yalishaondoka zamani. Hivi ni vigingi tu." Akafuta uso. "Binti yangu kajifungua. Baada ya miaka tisa, mama, kapata."

Nikapiga kigelegele. Akaweka kidole mdomoni mwake: nyamaza.

"Ofisi imenipa siku nne kuanzia Ijumaa. Inamleta fundi mwingine anishikie. Nimewaambia nitafikiria."

"Unafikiria nini, Babu? Nenda!"

"Nikienda ataisoma ramani. Atachimba barabara, hataiona. Watu wa juu watakaa bila maji, ofisi italeta mashine ya kufuatilia bomba, na mashine itakuja mpaka hapa." Akagonga sakafu kwa ufunguo. "Mjukuu hakimbii. Nitamwona akianza kutembea."

Nikamwongezea chai.

Ijumaa asubuhi nilisikia sululu. Nikatoka. Fundi mpya alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu nyingine bila kupitia kitandani. Vibarua wake wawili walikuwa wamefika kiunoni ndani ya barabara. Watu wa mtaa wa juu wameshuka na madumu yao, wamekaa juu yake kama wasafiri kituoni, na jirani yetu tunayemwita Redio anawatangazia yanayojulikana na yasiyojulikana.

Babu Zamu alikuwepo. Ameshika begi la safari, shati limepigwa pasi. Ofisi haikumngoja afikirie: ufunguo wake ulikuwa tayari mikononi mwa fundi. Gari lake lilikuwa la saa nne. Simu iliita mfukoni, akaiacha, ikaita tena.

"Mzee, una hakika ni hapa?" fundi akauliza.

"Ni hapo hapo. Chimbeni tu."

Hajui kudanganya, yule. Alisema akiangalia viatu vyake. Kisha akaliweka begi chini, taratibu, akaanza kukunja mikono ya shati ili aingie shimoni kusaidia kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Nikaona nimechoka. Sijui niliseme vipi. Nilichoka kwa niaba yake.

"Fundi," nikaita, "acha shimo. Njoo jikoni kwangu."

"Mama!" Babu Zamu akasema.

"Kimya, Babu. Chukua begi lako. Saa nne hiyo."

Fundi akanifuata, na nusu ya mtaa nyuma yake. Nikasogeza kabati. Redio akachungulia mfuniko, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Kumbe ni maji?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Miaka yote hii, ni maji tu?"

"Ni maji, shoga. Samahani sana."

Fundi alizungusha thelathini na mmoja, bomba likaguna, likaanza kuvuma chini ya miguu yetu. Watu wa juu wakabeba madumu wakaondoka, hata asante hakuna. Fundi akakaa sakafuni dakika nzima. Kisha akatoa kopo la rangi nyekundu.

"Ningeweza nisiandike ripoti," akasema, "lakini basi itabidi niwe nakuja mimi, kila Jumanne, kila Ijumaa. Mama, nina watoto."

"Andika," nikasema.

Akachora msalaba ukutani, juu kidogo ya ndoano za sufuria. Siku thelathini, kisha jiko libomolewe. Dada yangu alianza kulia. Nikamtuma akakoleze moto, chakula hakijui msalaba.

Nilipotoka nje, Babu Zamu hakuwepo, wala begi.

Alirudi Jumanne, siku nne zimekwisha, akakuta fundi ameshafunga koki na ameshaondoka. Ufunguo hakuwa nao. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akanionyesha picha kwenye simu: kitu chekundu, kimekunjamana, kimefumba ngumi.

"Kanifanana," akasema.

"Maskini mtoto."

Alicheka. Nikageuka kumimina chai, na nilipomgeukia nayo alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea ukutani, chini ya msalaba. Watoto wa dada, sasa vijana, wakaingia na kelele zao. Nikawatoa kwa mkono. Chai ikapoa. Redio akaja mlangoni, akaona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaondoka bila kusema kitu.