Vikombe vya Mgeni

Hasira za Shamimu zilianza pale diwani alipotamka neno kuku.

Mkutano wa mtaa ulikuwa umefurika hadi nje ya turubai. Wanaume wamekalia mabenchi ya shule, wanawake wako mikekani, na mbele, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, wamekaa Diwani Ngassa na kijana mmoja mwenye miwani, Afisa Sixbert, aliyeongoza uhakiki wa kaya maskini. Siku hiyo walikuja kueleza kwa nini baadhi ya kaya zinaondolewa kwenye ruzuku.

"Ndugu zangu, kapu la serikali lina mwisho wake," diwani alisema. "Barabara mnataka. Zahanati mnataka. Madawati mnataka. Sasa wataalamu wetu wanaingia kwenye nyumba tunayoiita ya maskini, wanakuta nini? Viti vya nakshi! Zulia! Vikombe vya maua na birika lake! Na wanakaribishwa kuku! Mimi diwani wenu, kwangu kuku ni mpaka Idi au Krismasi."

Watu wakaangua kicheko. Jina hakulitaja, lakini mtaa mzima ulijua ni nyumba ya nani. Pale mkekani, Bi Mwanne alivuta ushungi wake ukamfunika mpaka nyusi.

Shamimu, aliyekaa ubavuni mwake na mwanawe Ummy mgongoni, alihisi damu ikimpanda masikioni. Vile vikombe vilikuwa vyake. Alitunzwa navyo siku ya harusi yake.

Tabora ni mji ulioota njiani. Tangu enzi za misafara, mtu akitoka bara au pwani alifika hapa na vumbi lake na njaa yake, na mwenye nyumba alimpokea kama vile alikuwa akimngoja. Misafara ikaisha, desturi ikabaki. Mgeni hali kwenye sahani iliyopasuka. Kama huna sahani, mwenzio anayo, nayo itapitia mlango wa uani imefunikwa kanga, na itarudi hivyo hivyo, na aliyeazima hatasemwa. Ukimsema umemvua nguo.

Basi Bi Mwanne aliposikia wageni wa serikali watakuja, alifanya kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Vikombe vikatoka kwa Shamimu, viti kwa Mzee Majidi seremala, zulia kwa Mama Marcelina. Kuku tu ndiye aliyekuwa wake: mtetea mmoja, ambaye mayai yake yalikuwa ya mjukuu wake Ziada, yatima anayeugua selimundu. Afisa Sixbert akakalia kiti, akanywa chai, akamla mtetea mpaka akafyonza mifupa, akashukuru sana. Kisha akaenda kuandika kwamba kaya hii imeshajikwamua.

Asubuhi ya siku hiyo ya mkutano Shamimu alikuwa amekwenda kwa bibi huyo na kumwambia, "Nitasimama niseme ukweli. Ruzuku ikikatika, Ziada atapelekwaje kliniki?"

Bi Mwanne alikuwa akimenya karanga za watu, kazi aliyoifanya tangu macho yake yakiwa mazima. Hakuinua uso. "Ukinisema mbele ya watu umenizika, mwanangu. Njaa naijua, tumeshazoeana. Aibu ya hadharani siijui, na sitaki kujifunza uzeeni."

Sasa Renatus wa bodaboda alikuwa amesimama, kofia ya pikipiki kwapani. "Mheshimiwa, mimi nashinda juani. Mafuta juu, faini juu, tozo juu. Kwa nini jasho langu limnunulie mtu kuku?"

"Sema, baba!" wengine wakamuunga mkono.

"Renatus!" Mama Marcelina alidaka. "Mama yako alipolazwa, uji nani alimpelekea?"

"Majirani, mama, na nawashukuru. Hilo ni la majirani, si la serikali."

"Majirani tumechoka! Na tuulize basi, lile shangingi lililowaleta kutuhakiki linakunywa maji?"

Turubai likavuma kwa kicheko. Diwani akainua mikono. "Mama, tusichanganye mafungu. Gari lina fungu lake."

"Njaa yetu tu ndiyo haina fungu!"

Shamimu hakucheka. Kwenye masomo yake ya jioni mwalimu wa uraia huwaambia kwamba fedha ya umma ni ya kila mtu, na yeye huandika hivyo hivyo na kuamini. Aliamini hata leo, na hilo ndilo lililomchoma. Kunyimwa tu angeweza kukupinga kwa hoja. Lakini hawa walitaka mtu ajivue kwanza ndipo wamwone ana baridi.

Akasimama kabla hajajiruhusu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Vile vikombe ni vyangu."

Vichwa vikageuka. Shamimu akahisi mkono wa Bi Mwanne ukishika pindo la kanga yake kwa chini, ukivuta. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: nilimwazima. Mkono ukavuta tena. Akalimeza lile neno, na lingine likaja mahali pake.

"Ni amana yangu," alisema. "Mwanangu huyu anatambaa, anavunja kila anachokishika. Nikautazama mtaa mzima, nani mwaminifu nimwekeshe? Nikamwekesha Bi Mwanne."

Ule mkono ukaachia.

Mzee Majidi akakohoa, akainuka nusu. "Ee, na vile viti ni vyangu. Karakana yangu inavuja. Nimeviweka pale visiloe."

"Na zulia la kwangu," Mama Marcelina akadakia. "Kwangu kuna panya."

"Panya gani wanakula zulia?" diwani aliuliza.

"Wana njaa, mheshimiwa. Nao wamekatwa ruzuku."

Hata mwenyekiti wa mtaa alificha uso akicheka. Afisa Sixbert akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo mnataka kuniambia ndani ya ile nyumba hakuna kitu chake?"

Hapo Bi Mwanne akasimama mwenyewe. Ushungi ulikuwa umemteremka mabegani, na hakuurudisha.

"Kuku alikuwa wangu, baba," alisema taratibu. "Huyo mlimla."

Safari hii hakuna aliyecheka. Sixbert alitazama kitambaa cha meza.

"Mliingia mkakuta mtu amewaheshimu," Shamimu alisema, na sauti yake, aliyoiogopa siku zote, ilikuwa imekaza kama kamba ya kisima. "Heshima yake mkaiandika kuwa mali! Mlitaka awapokee vipi? Awakalishe kwenye majivu, awaonyeshe mtoto anavyolia usiku? Kapu lina mwisho, sawa, tumesikia. Semeni basi mnapunguza. Msiseme huyu ameshiba, wakati mmeshiba ninyi, kwake!"

Akaketi. Ummy alikuwa ameanza kulia.

Diwani na afisa wakanong'onezana kwa muda. Mwishowe Sixbert akasimama, akasema bila kumtazama mtu kwamba jina la Bi Mwanne halitaondolewa kwa sasa. Atarudi mwenyewe wiki ijayo kuhakiki upya.

"Safari hii uje umeshiba, bosi!" Renatus alipaza sauti, kisha akainama chini kama aliyeshangazwa na mdomo wake.

Walirudi nyumbani polepole kwa ajili ya magoti ya Bi Mwanne. Karibu na kwake akasimama.

"Amana," Bi Mwanne alisema, akatikisa kichwa. "Wewe mtoto." Kisha, mkono ukiwa mlangoni: "Sasa huyo kijana akija wiki ijayo... vile vikombe, mwanangu..."

"Bibi!" Hasira zilimrudia Shamimu zote kwa mpigo. "Watakukata tena!"

"Ni mgeni. Nimpe maji kwenye kopo?"

Shamimu alitazama ile nyumba, banda la kuku likiwa wazi na tupu, na Ziada amelala kizingitini akiwangoja. Alitaka kupiga kelele. Akamweka Ummy vizuri mgongoni.

"Nitavileta," alisema. "Lakini havitapita uani. Nitaingia navyo kwa mlango wa mbele, na nitamiminia mimi mwenyewe. Vikombe vyangu, na mdomo wangu."

"Mdomo upunguze makali. Ni mgeni."

Hayo makali Shamimu alikuwa na kazi nayo wiki ijayo.