Kabati Nyuma ya Skrini

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, kompyuta ya kaunta ya tatu katika ofisi ya vizazi na vifo ilionyesha mistari ya kijani, kisha ikawa nyeusi tii. Ilikuwa mashine ya miaka kumi na minne, inatumia Linux kwa sababu hakuna mfumo mwingine uliokubali kuishi nayo. Jana yake mkuu wa ofisi alikuwa amebonyeza "sasisha vyote" akidhani anafunga tangazo.

Wakamwita fundi. Fundi alikuwa mama wa mtoto mmoja, kazi aliisomea madarasa ya jioni huku mtoto kamlaza mapajani, na ofisi ile aliijua kuliko alivyotaka. Kwa miezi minane alikuwa akifuatilia cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Uandikishaji wa darasa la kwanza ulikuwa unafungwa Ijumaa, na bila cheti shule haimpokei mtoto hata akija anajua kusoma. Kila akienda, karani, waliyemwita Bi Kalenda kwa jinsi alivyowapigia watu kalenda za njoo kesho, alimjibu kwa upole uleule: "Faili halionekani, mwanangu. Pitapita."

"Nikiitengeneza hii, mtalitafuta?" fundi aliuliza, bisibisi mkononi.

"Ikionekana skrini, litaonekana faili. We tengeneza tu."

Fundi akafungua boksi. Feni ya kadi ya picha, ile inayoilisha skrini, ilikuwa imevaa koti la vumbi. Akaipuliza, akasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, akaichomeka tena. Bado giza. Akawasha upya, na kabla mashine haijajikusanya akaiongezea neno moja la kuiambia iache madaha, itoe maandishi matupu. Hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe.

"Draiva mpya, programu ya kuiongoza kadi, haiijui kadi ya zamani," alieleza. "Ni kama kumletea bibi mkalimani wa lugha asiyowahi kuisikia tangu azaliwe."

Akaing'oa mpya, akarudisha ya zamani, akawasha. Skrini ikawaka, rangi zimetulia. Ilionyesha picha ya maua kwa dakika moja. Kisha maua yakafifia, na skrini ikaonyesha vilivyokuwa nyuma yake: mbao za kaunta, ndani ya kaunta mkoba wa Bi Kalenda, na ndani ya mkoba sweta alilokuwa akilifuma, limefika mkono mmoja.

"Mkoba wangu huo," alisema Bi Kalenda. "Hebu igeuze kushoto, mama, kabla haijanifikia mwenyewe."

Fundi akaigeuza kushoto. Sasa ilionyesha kabati la chuma la mkuu, lenye kufuli, mpaka ndani. Mafaili mia nne na ushei yalikuwa yamepangwa vizuri, migongo imenyooka. Foleni ya waliokuwa wakisubiri ikasogea kaunta bila kusukumana. Mzee mwenye bakora akaliona la marehemu mkewe.

"Lile lenye doa la chai. Nilisema mimi. Mke wangu hakuwa mtu wa kupotea."

Fundi naye akaliona la binti yake, rafu ya tatu. Skrini ilipenya jalada pia. Cheti kilikuwa kimeshaandikwa, kusainiwa na kugongwa muhuri.

Mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake, akavaa miwani. "Hongera, fundi. Inaonyesha kuliko siku iliyonunuliwa."

"Asante, mkuu. Cheti cha mwanangu kile pale. Nifungulie nikichukue."

"Kabati hufunguliwa kwa fomu namba saba."

"Basi nipe nijaze."

Mkuu akainama, akatafuta kwenye skrini, akaigusa kwa kalamu. "Hizo hapo. Rafu ya juu, bahasha ya bluu. Tulizifungia humo kabatini zisiibwe."

"Nina bisibisi, mkuu. Kufuli lile dakika mbili."

"Mali ya umma hiyo, mama. Vuta subira. Kuona ni nusu ya kupata."

"Na nusu nyingine?" aliuliza mzee wa bakora.

"Nusu nyingine ina fomu yake," alisema Bi Kalenda.

Ijumaa fundi alimleta mwalimu mkuu wa shule. Mwalimu alikisoma cheti kwenye skrini kuanzia juu hadi chini, akakubali kwamba mtoto amezaliwa, tena kihalali. Kisha akaomba nakala. Fundi akaipiga picha skrini kwa simu. Kwenye simu yakatokea maua. Mwalimu akatazama saa, akaomba radhi, akawahi kwenda kufunga uandikishaji.

"Mama," binti aliuliza, amebebwa ili aone, "mimi niko mle ndani?"

"Karatasi yako tu, mwanangu."

"Yenyewe imeshaanza shule?"

Mama yake akamnyoosha kola ya sare, akamshusha chini.

Mwezi uliofuata wakaja wageni kutoka makao makuu. Waliona watu wakipanga foleni kutazama mafaili yao, wengine wamekuja na watoto, hakuna anayegombana. Wakaitunuku ofisi cheti cha uwazi. Kiliandikwa, kikasainiwa na kugongwa muhuri asubuhi ileile, kikatundikwa kwenye mlango wa kabati. Fundi aliitwa kuangalia kama kitaiziba skrini. Hakikuziba kitu.