Mbasa Chini ya Kifuniko

Daktari alikuwa amesema kwa Kiswahili, tena kweupe: "Bibi, moyo wa mtoto unatoa mvumo usio wa kawaida. Apelekwe Dar es Salaam akapimwe, msichelewe." Bibi Otilia akaelewa. Tabu ilikuwa kwenye karatasi. Daktari aliandika neno la Kiingereza, murmur, na karatasi ikaangukia mikononi mwa Mwalimu George.

George alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Otilia, mwalimu mstaafu, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Kwa desturi ya nyumba ile ya mtaa wa Mshangano, mgonjwa hasafirishwi mbali mpaka mkubwa atamke mbele ya kikao. Na basi la kumpeleka Jovina, mjukuu wa Otilia wa miaka saba, lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

Kikao kilianza saa nne asubuhi. George akavaa miwani, akafungua kamusi nene kama tofali la kuchoma.

"Maana ya kwanza, sauti ya kijito kikipita taratibu."

Wanaume wakatikisa vichwa kana kwamba kijito kimekatiza sebuleni.

"Ya pili, watu kusema chini chini. Ya tatu, kunung'unika. Sasa ndugu zangu, lazima tujue moyo huu una murmur ya aina gani. Kama mtoto ananung'unika tu, hayo ni malezi, siyo ugonjwa." Akamtupia jicho Otilia.

"Shemeji, daktari alishasema ni ya aina gani."

"Daktari mwenyewe kijana. Wewe shemeji uliishia darasa la ngapi vile?"

"La tatu."

"Basi."

Saa saba ikamkuta George bado yuko kwenye chimbuko la neno, na Kilatini nacho kimekaribishwa. Jovina alishakunywa uji wake, amelala mkekani, anahema mbio mbio kama kifaranga. Otilia akainuka, akaenda jikoni. Ugali ulikuwa umesongwa, samaki mbasa wa Ziwa Nyasa anatokota.

"Funikeni," akawaambia wakwe zake. "Chakula cha kikao huliwa kikao kikiisha. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, na sisi tuifuate."

Harufu ya mbasa haijui kifuniko. Saa tisa Hironimus, binamu yake George, akaanza kusemezana chini chini na wenzake. Saa tisa na nusu wote walikuwa wananung'unika waziwazi. Saa kumi, George akilowesha kidole ageuze ukurasa, tumbo lake likanguruma, ngurumo ndefu, ukoo mzima unasikia.

"Samahani, shemeji," Otilia akauliza kwa upole. "Na hiyo ni maana ya ngapi?"

Hironimus alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, tamka bwana! Mtoto aende, watu tule!"

George akavua miwani. "Aende," akasema kooni.

"Haijafika, shemeji. Desturi inataka kikao kisikie."

"Jovina aende Dar!"

"Leteni maji ya kunawa," Otilia akaita jikoni.

Yeye hakukaa kula. Alichomoa karatasi ya daktari kwenye kamusi, George alikoitumia kuwekea alama ukurasa, akaenda kufunga begi la mtoto.